Fabrice Asitiwe Ralanti

Mumeniomba niandike juu ya miaka yangu ya kazi, ninyi mulionirithi pale studio, na mukanionya nisijaze karatasi malalamiko. Nitajaribu, lakini munanijua. Mimi ni mutu wa wasiwasi tangu zamani. Hata sasa niko nyumbani, sina kazi wala filme, lakini kuranti ya umeme ikikatika tu moyo unaruka na kidole kinatafuta kifungo cha kuhifadhi. Bwana wangu ananicheka. “Régine, unahifadhi nini? Mboga ya sombe?” Mutu ambaye hajapoteza kazi ya wiki nzima kwa sababu jirani amechomeka pasi hawezi kuelewa.

Mambo ya vyeo nayaacha. Pale kwetu kulikuwa na vyeo viwili: anayekaa karibu na mashine na anayekaa karibu na mulango. Mimi nilianza karibu na mulango.

Studio ya kwanza ilikuwa mutaa wa Birere, hapa Goma, juu ya duka la bikwembe, vitambaa vya wamama, na ngazi yake ya mbao ililia hata ukipanda bila viatu. Mwenyewe alikuwa Muzee Sylvestre, mutu wa upande wa Bukavu, mukatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyenyoa ndevu hata siku za risasi ambazo muji mzima ulikuwa chini ya kitanda. Alikuwa na mashine mbili za kaseti, moja ya kusoma, moja ya kuandika, na televizyo iliyofanya kila mutu aonekane kama ametoka hospitali. Kukata picha wakati ule kulikuwa kubonyeza vifungo viwili pamoja na kumuomba Mungu. Ukikosea mwanzoni, kila kilichofuata kinakuwa cha kurudiwa. Vumbi letu jeusi la mulima wa moto lilikuwa linaingia kila fasi, kwa hiyo mashine zilifunikwa kikwembe kama watoto wagonjwa.

Siku yangu ya kwanza Muzee aliniambia: “Usiguse kitu. Angalia.” Nikaangalia ndoa ya watu nisiowajua tangu asubuhi mupaka duka la chini likafungwa. Akaniuliza nimeona nini. Nikamujibu: ndoa. Akaniambia nirudi kesho, na kesho yake akanionyesha ndoa ile ile. Nilikasirika sana, ila nilikuwa nimeshaacha shule na sikuwa na pa kwenda. Mwishowe nilimuambia, kwa hasira tu: “Nimeona kwamba mama wa bibi arusi hajakaa chini tangu asubuhi.” Akavuta kiti cha pili akakiweka mbele ya mashine.

Kwake nilijifunza sheria mbili, na hizo mbili ndizo zilinisumbua maisha yote. Ya kwanza: mugeni hakatwi. Mutu aliyevaa, akaja, akatoa zawadi mbele ya kamera, lazima aonekane anaitoa, tangu anapoinuka mupaka anapokaa. Kabla yangu kulikuwa na kijana mumoja aliyemukata shangazi wa bwana arusi, akiona kwamba anatembea polepole na sufuria yake. Familia ilikuja nzima. Walikaa kwenye ngazi, wakiwa wamevaa vizuri, wakakataa hata chai, mupaka Muzee akamupiga shangazi picha upya, amevaa nguo zile zile, anatoa sufuria ile ile kwa maarusi ambao walishaanza kugombana. Yule kijana alikwenda kuuza simu. Wanasema anaendelea vizuri.

Sheria ya pili ilikuwa ya video za kilio. Siku ya kumaliza kilio, familia inakusanyika tena, inakula, inaonyesha picha za marehemu. Na marehemu wetu walikuwa wanatiwa ralanti. Unachukua picha yake ya zamani, labda anacheza kwenye ndoa ya mutu, unaipunguza mwendo, mukono unainuka polepole, uso unageuka polepole, na watu wanalia vizuri. Sijui kwingine wanafanya namna gani. Naona wanamutia ralanti hata mucheza mupira. Kwa wateja wetu ilikuwa wazi kama kengele ya kanisa: mutu akitiwa ralanti, amekufa. Muzee alisema: “Mutu aliye hai usimuguse na kile kifungo. Utamuzika mbele ya mama yake.”

Kaseti zikaisha, zikaja diski na ordinateri, yaani kompyuta. Macho ya Muzee yakachoka, akarudi kwa binti yake upande wa Bukavu, akaniachia studio pamoja na deni la mazoea: kufunika mashine, kuwahi, kuogopa. Nilihamisha vitu kwenye chumba karibu na Katindo. Karibu na kambi ya wanajeshi, ndiyo, municheke, lakini kule kuranti ilikuwa inakuja mara nyingi zaidi, na mimi kati ya hofu mbili nilichagua ile yenye taa. Kila mara muji ulipotikisika kwa vita nilibeba diski ndani ya mufuko wa unga wa muhogo. Mutu akifungua anaona unga. Nilivuka vizuizi vingi na unga ule, nikitabasamu kama mujinga.

Ndipo wakaanza kuja wenye filme huru. Niwaambie ukweli: niliwapenda na niliwaogopa. Mutu wa ndoa anajua video inaishia fasi gani. Keki ikikatwa, watu wakicheza, basi. Mwenye filme huru hana bosi, hana tarehe, hana wa kumuambia yatosha. Anapiga picha mupaka kamera inachoka. Halafu anakuletea magunia ya picha mbichi, anakuambia: “Mama Régine, filme iko humu ndani.” Iko humu ndani! Hata kisima kiko ndani ya ardhi.

Mukubwa wao wote alikuwa Justin. Alikuwa kijana wangu kwa umri, mwembamba, mwenye adabu na kichwa kigumu. Kwa miaka alipiga picha barabara moja tu, ile ya Rutshuru mupaka Goma: wenye maharagi, wenye makala, mukaa wa kupikia, taksi-basi zilizobeba mbuzi juu, chukudu zetu za mbao za magurudumu mawili zikishuka na magunia. Barabara ile ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Sitasema nani aliifunga. Munamujua, na karatasi inapita mikono mingi. Justin alikuwa anapiga picha tu. Kila mutu aliyempiga picha alimuahidi: “Utaonekana, na utaiona kwanza wewe kabla ya mutu wa ng'ambo.” Alikulia kwenye video za ndoa kama sisi wote. Alifikiri filme ni vile vile, mugeni hakatwi.

Matokeo yake, mukato wetu wa kwanza ulikuwa wa kutwa nzima. Ukianza kuuangalia baada ya chai, unamaliza wakati wa kutafuta chakula cha jioni, na katikati lazima uende chooni, na huko chooni ndiko unapopata mawazo yote mazuri kisha unayasahau. Filme ndefu ina hila. Kipande kwa kipande inapendeza. Ukiiangalia yote inalala. Unagusa kitu asubuhi, kinaanguka kingine alasiri, na huwezi kujua kabla hujakaa tena kutwa. Hakuna kichwa kinachoibeba yote. Mimi nilinunua mabaki ya bikwembe kwa washonaji, nikampa kila mutu wa filme kitambaa chake. Kipande kirefu, sehemu ndefu. Kipande kifupi, sehemu fupi. Nikavipachika ukutani kwa pini. Nikisimama mulangoni naona: wenye makala wamejaa hapa, mama wa maharagi amepotea tangu pale. Wageni wakafikiri nimefungua duka. Lakini jaribuni njia hiyo. Jicho linachoka polepole kuliko kichwa.

Tulipunguza, tukapunguza. Watu wa festivali moja ya ng'ambo waliandika kwamba filme ni nzuri lakini ingekuwa nzuri zaidi ikiwa nusu. Justin alikunja uso. Mimi, ndani ya moyo, nilikubaliana nao, nikanyamaza. Ilikuwa wakati huo, tukitafuta cha kutoa, ndipo tulifika kwa Fabrice.

Fabrice alikuwa kijana wa chukudu, mutoto wa familia ya Rutshuru waliokimbilia Goma. Mama yake aliuza maharagi ya kupima kwa kopo pale Birere, na sisi wote tulimuita Mama Fabrice. Justin alimupiga Fabrice picha sana mwaka wa kwanza. Kisha siku moja Fabrice alipanda na chukudu yake kuelekea kaskazini kuchukua mizigo, na hakurudi. Hakuna aliyeona muili. Hakuna aliyeona chukudu. Wengine waliokuwa naye njiani kila mumoja alieleza kivyake, na wote walikuwa wanaangalia chini.

Mama Fabrice alikataa kilio. Watu wa jumuiya yake ya kanisa walikuja na mikeka kama ilivyo desturi, akawazuia mulangoni. “Munakuja kumulilia nani? Nionyesheni.” Siku moja kanisani katekista alitaja jina la Fabrice kati ya marehemu, akiwa na nia njema kabisa. Mama Fabrice aliinuka katikati ya sala akatoka, na akaanza kusali kwenye kanisa lingine, mbali, kwa miguu. Majirani walimuhurumia. Lakini walikuwa wanangoja. Sisi tunajua watu wetu. Ingetosha mutu mumoja aanze kupiga kelele ya kilio, wengine wangepokea, na kilio kikishaanza hakirudishwi ndani. Kesho yake ungekuwa mama wa marehemu, upende usipende.

Sasa picha za Fabrice. Diski ya mwaka wa kwanza ilianguka juu ya mawe siku moja tulipokimbia risasi, na hakuna fundi wa Goma wala wa Kampala aliyeweza kuifufua. Kilichobaki, tulivyojua, kilikuwa picha moja. Fabrice anashuka mutelemko juu ya chukudu, amepiga goti moja, shati limejaa upepo, anacheka na kinywa chote. Ni picha nzuri, Mungu wangu. Na Justin aliipiga kwa kamera aliyoazima, iliyopangwa kupunguza mwendo. Ilizaliwa ralanti.

Niliiona nikasimamisha mashine.

“Justin, hii haiwezi.”

“Mama Régine, hii ndiyo picha nzuri kuliko zote.”

“Najua. Siku ya kuionyesha mama yake atakaa pale sale, na jumuiya yote nyuma yake. Unajua watasikia nini?”

“Hii ni sinema, mama, si kilio.”

“Waambie wao.”

Yeye pia alikuwa mutoto wa hapa. Akasema: “Basi irudishe mwendo wake.”

Nikairudisha. Fabrice akapita. Pff! Mutu, goti, meno, ameenda. Tukairudia. Ukipepesa jicho umemukosa. Justin alikaa chini kabisa, juu ya sakafu.

“Hivi hakuna mutu atamuona,” alisema. “Mama yake ataniuliza: ulimupiga picha mwaka muzima, umemuleta kwa kupepesa jicho?”

“Tumutoe kabisa?”

“Mugeni hakatwi, mama. Ni wewe ulinifundisha.”

Nilitamani kumupiga kofi. Lakini alikuwa na haki. Tukimuacha polepole, tunamuzika. Tukimuacha haraka, tunamunyima mama yake uso. Tukimukata, ni kama tumemupoteza mara ya pili, na safari hii sisi wenyewe. Na parokia ilishatupa sale, ukumbi wake wa kuonyeshea filme. Justin alishawaambia watu wote wa barabara siku ya kuja. Nilianza kutolala, na nikilala naota kifungo.

Njia iliyobaki ilikuwa kurudi kwenye magunia. Nilifungua tena picha zote mbichi za diski zilizobaki, si zile nzuri tu, zote, hata zile ambazo Justin alisahau kuzima kamera na inapiga viatu vyake. Sikumutafuta Fabrice usoni, kwa sababu nilishajua hayupo. Nilimutafuta nyuma ya watu, kwenye kona, kwa mgongo. Nilikuwa namjua kwa namna ya kuvuta bega la kushoto. Mara nyingi nilifikiri nimemupata, kumbe ni mwingine, chukudu zote zinafanana na vijana wote wa chukudu wana bega. Gurupu la kuranti, jenereta yetu, lilikuwa linakohoa uani, na kila likikohoa nilihifadhi, hata pale hapakuwa na kitu cha kuhifadhi. Justin alileta maharagi ya kukaanga, akakaa nyuma yangu, akipumua. Nilimufukuza. Mutu anayepumua nyuma yako anakufanya uone visivyokuwepo.

Na nikamupata, kwenye picha ambayo Justin aliiweka na zile za kutupa, kwenye diski nyingine, ndiyo maana ilipona.

Alikuwa ameweka kamera juu ya jiwe, kando ya barabara, akaenda kununua mukate, na akasahau kuizima. Kadre, ule mupaka wa picha, imepinda kidogo. Majani, barabara, chukudu imelala. Na Fabrice amekaa chini anatengeneza gurudumu, anapigilia kaucho, mupira wa tairi kuukuu, kwa musumari. Hajui kama anapigwa picha. Anafanya kazi. Anasimama, anakunywa mayi kwenye bidoni ya plastiki, anakaa tena. Kuku anakuja kudonoa kamba yake, anamufukuza, kuku anarudi, anamugombeza: “Weye, iko nini? Enda kwenu!” Mutu tusiyemuona anamuita kutoka upande, naye anajibu: “Ngoja nimalize.” Hakuna kingine kinachotokea. Ni ndefu. Ni ndefu kuliko ile picha ya mutelemko hata ungeitia ralanti mara kumi. Na kila pumzi ni ya mwendo wake.

Nililia. Nasema wazi, nililia, kisha nikahifadhi fasi tatu tofauti.

Nikamuita Justin. Aliangalia mupaka pale Fabrice anamaliza, anaweka nyundo mufukoni, mukono unashika usukani wa chukudu, anainuka, anaisukuma. Anatoka kwenye kadre. Barabara inabaki peke yake. Inabaki vile, na majani, na kuku, mupaka Justin anarudi na mukate wake na kuzima.

“Tunaitia,” alisema. “Itaongeza filme.”

“Itaiongeza sana.”

“Watu wa festivali…”

“Wataamka, wataenda chooni, watarudi, atakuwa bado anapigilia.”

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha tukaja kwenye swali letu la kila siku, nalo ndilo kazi yote: tunakata wapi? Mimi nilisema, pale mukono unaposhika usukani. Abaki. Asitoke mbele ya macho ya mama yake, kwa sababu alishatoka mara moja na tunajua kilichofuata. Justin alikubali mbio. Sote wawili tulikuwa tunaogopa ile barabara tupu. Nikakata pale. Lakini tulikubaliana kitu kingine pia: Mama Fabrice aione kwanza peke yake, studio, kabla ya sale. Kama ni kuanguka, aangukie kwetu.

Alikuja asubuhi, amevaa kikwembe cha misa na kitambaa kipya kichwani. Nilikuwa nimepiga deki chumba mara mbili bila sababu. Nikamupa kiti changu mwenyewe. Alishukuru, akakaa kwenye ukingo wake, mufuko juu ya magoti, kama mutu aliyeitwa ofisini. Aliangalia bikwembe vyangu ukutani.

“Mama Régine, weye unashona?”

“Ni kazi tu, mama.”

“Cha Fabrice ni kipi?”

Nikamuonyesha. Kilikuwa cha manjano. Alikigusa kwa kidole, akasema ni kifupi. Nikamuambia kitarefuka. Justin alisimama mulangoni, hakuwa na nguvu ya kukaa.

Nikabonyeza.

Niliangalia uso wake, sikuangalia picha. Picha niliijua mupaka kwenye mifupa. Nilikuwa nangoja mukono uende kwenye kinywa, kwa sababu ndivyo kelele inavyoanza. Mukono haukuenda. Kuku akatokea. Fabrice akamugombeza kuku. Na Mama Fabrice akacheka, kwa sauti, kicheko cha sokoni.

“Muone! Anagombana hata na kuku. Nyumbani ni vile vile, anagombana na jiko, anagombana na mulango.” Kisha akasogea mbele: “Hajakula, huyu. Akikosa kula anapigilia vibaya. Ona musumari ule, umepinda.” Alikuwa anaongea naye. Alimuangalia vile mama anavyomuangalia mutoto wake anayefanya kazi uani, bila haraka, na mambo mengine kichwani. Sikuwa nimemuona hivyo tangu nimujue.

Mukono ukashika usukani. Nikafika kwenye mukato wangu. Ikaja picha ya wenye makala.

Mama Fabrice akageuka.

“Suite iko wapi, ile inayofuata?”

“Inaishia pale, mama.”

“Haiishii pale. Alikuwa anainuka. Nimeona mugongo. Mumemukata?”

Nikaangalia Justin, Justin akaangalia viatu vyake. Nikasema, polepole, kwamba tulifikiri ni vizuri abaki amekaa. Tulifikiri ingemuumiza kumuona anaenda.

“Mama Régine.” Alisema jina langu bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira. “Munamuweka pale njiani, amekaa, kila siku amekaa? Mumuache aende. Kama hajaenda, atarudi namna gani?”

Nikafungua mukato, nikavuta picha mupaka mwisho wake, nikabonyeza tena. Fabrice akainuka, akasukuma chukudu, bega la kushoto likavutika, akatoka. Barabara ikabaki. Nikainua kidole kukata hapo, naye akaniwekea mukono juu ya mukono. Ulikuwa mukavu na wenye joto.

“Na hiyo?”

“Hiyo ni barabara tu, mama. Hakuna mutu.”

“Iache.”

Tukaiacha. Yote, mupaka pale Justin anarudi. Filme ikawa ndefu kuliko tulivyoahidi mutu yeyote, na watu wa festivali hawakutujibu tena, na hiyo ni habari yao.

Siku ya sale nilifika wa kwanza. Niliangalia nyaya, niliangalia gurupu, niliangalia kitambaa cheupe kama kimefungwa vizuri, nikaviangalia tena. Watu wa barabara walikuja wote, wenye maharagi, wenye makala, madereva, wamevaa kama kwenye ndoa kwa sababu waliahidiwa wataonekana. Jumuiya ya Mama Fabrice ilikaa nyuma yake, safu tatu, pamoja na yule katekista. Nilikuwa nimesimama kando ya mashine.

Fabrice alipotokea nilisikia sale nzima inavuta pumzi. Mama mumoja wa safu ya pili alishika kichwa kwa mikono miwili. Nikajisemea, basi, inaanza. Lakini Fabrice alikuwa anapigilia musumari, haraka haraka, tak, tak, tak, kwa mwendo wa mutu mwenye kazi, na yule mama hakujua afanye nini na mikono yake. Akaishusha. Kuku akaja, watoto wakacheka, na wakubwa wakacheka pia, wakiangaliana. Fabrice akakunywa, akamaliza, akainuka, akaenda.

Ikabaki barabara. Viti vya plastiki vikaanza kulia. Watu wakakohoa. Upepo ulipita kwenye majani ya picha na hakuna kilichokuja. Ilidumu, nanyi munajua mimi siwezi kuvumilia; nilikuwa nimeshika meza. Nyuma kabisa dereva mumoja akasema kwa sauti: “Hawa wamesahau kukata?”

Mama Fabrice hakugeuka. Alikuwa anaangalia barabara.

“Nyamaza,” alisema. “Tunangoja mutu.”

Dereva akanyamaza, na sale yote ikangoja pamoja na yule mama.